Wageni wa Saa Kumi na Moja

Saa kumi na moja kasorobo jioni, Ko Hpo Thit, mtumishi wa Gavana, alitandika kitambaa cheupe kwenye meza ya barazani, akaweka birika, mkate uliobanikwa, jamu ya machungwa, na kikombe cha Gavana chenye ukingo wa dhahabu. Kisha akarudi jikoni akaleta sinia la pili: vikombe kumi na kimoja visivyo na masikio, na sahani ya majani ya chai yaliyochachushwa, pembeni vitunguu saumu vya kukaanga na ufuta. Hilo lilikuwa sinia la marehemu.

"Ufuta wa jana huo," aliwaambia. "Soko limefungwa. Mgomo."

"Mgomo wa nani tena?" akauliza U Kyaw Dun, aliyekuwa mkubwa wao.

"Wenu. Wanagoma kwa ajili yenu."

"Basi tule wa jana. Tusije tukaitwa wavunja mgomo."

Walikuwa kumi na mmoja, wote wafanyakazi wa kiwanda cha serikali cha kupiga chapa. Alhamisi moja, mvua za Burma zikiwa ndiyo kwanza zimeshika, waliweka zana chini wakatoka kwenda kudai mwenzao aliyefungwa kwa kusoma hotuba aachiwe. Askari waliwapigia risasi getini. Siku ya tatu, nyumbani kwao watu bado wakiwa msibani, wenyewe walikuja Ikulu. Mlinzi alitazama orodha ya waliokatazwa kuingia, hakuyaona majina yao, akawafungulia. Walivua ndara zao chini ya ngazi kama watu waliolelewa vyema, jozi kumi na nusu, maana mmoja ndara yake nyingine ilibaki barabarani katika kukimbia. Kisha wakaketi barazani wakangoja.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa siku ya tatu walipewa viti.

Gavana mwenyewe, Sir Harold Pelling, alikuwa mtu mrefu mkavu wa miaka hamsini na minne. Alikuwa amekaa Burma miaka kumi na tisa na kuitawala mitatu. Lugha ya watu aliijua vizuri, ila aliisema kama mtu anayesoma tangazo. Mkewe alirudi Uingereza mwaka uliotangulia, baada ya gari lake kutupiwa mawe, akamchukua na binti yao. Aliandika kila baada ya wiki mbili, barua za mfereji wa paa unaovuja na mbwa anayezeeka. Tangu hapo Gavana alikula peke yake kwenye meza ya watu ishirini na wanne. Ko Hpo Thit alisimama nyuma ya kiti chake, na umbali wa kutoka kiti hadi ukutani ulikuwa hatua nane.

Karani mkuu wa Ikulu, U San Nyein, mtu wa miwani na kalamu mbili mfukoni, alimweleza bwana wake shida ya marehemu kama anavyoeleza faili lolote. Mtumishi wa serikali akifa kabla bwana wake wa kazi hajamwachia, huko aendako anahesabika kuwa bado yuko kazini, na hapokelewi. Dawa yake ni barua fupi: jina, kazi, sababu ya kufa, na kwamba ameruhusiwa kuondoka. Inatiwa sahihi, inasomwa kwa sauti, basi.

"Tumewahi kuandika barua za namna hiyo?" Gavana akauliza.

"Kila mara, Mheshimiwa. Yule mtunza bustani aliyeumwa na nyoka mwaka juzi. Uliisaini pamoja na maombi ya rangi ya uzio."

"Sikumbuki."

"Ilikuwa siku ya faili nyingi."

"Basi ziandike hizi kumi na moja."

"Zimeshaandikwa, Mheshimiwa. Umebaki mstari wa sababu ya kufa. Mstari huo si wa ngazi yangu."

Mstari huo ulikuwa wa ngazi ya Bwana Lyle, Katibu wa Sheria, kijana mwekundu wa shingo ambaye hakuwahi kuonekana akitoka jasho. Serikali ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba watu wale walikanyagana wenyewe, na kule London wabunge walikuwa wakiuliza maswali. Bwana Lyle aliitafuna kalamu kidogo.

"Msongamano," akasema. "Neno zuri hilo. Halina mtu ndani yake."

Gavana akatia sahihi mara kumi na moja. U San Nyein alizisoma barua barazani kwa sauti ya chini, marehemu wakazipokea kwa mikono miwili, wakavaa ndara zao, wakaondoka kwa kufuatana njia ya mtoni. Jioni ya pili yake walirudi, wamechelewa kidogo, miguu imejaa tope.

"Kivukoni tumekataliwa," U Kyaw Dun alimwambia U San Nyein. "Karani wa kule kavua miwani, kamtazama Ko Ba Hlaing kifuani, kaitazama barua, halafu kasema sababu hailingani na tundu."

"Nikamwambia niache nipite, nitafunga shati," akasema Ko Ba Hlaing, kijana wa mashine kubwa ya chapa. "Akaniambia vifungo vyenyewe vimekwenda na risasi."

"Wewe tangu hai hujawahi kufunga shati."

"Sasa ningefunga kwa kipi, mzee?"

Wakacheka, na Ko Hpo Thit naye akacheka, akaenda kuwaletea chai.

"Miaka thelathini na moja nimepanga herufi za matangazo ya serikali," U Kyaw Dun akasema, akipuliza kikombe chake. "Sijaona hata moja likavuka mto."

Mmoja hakucheka. Ma Ohn Sein, mshona vitabu, mwanamke wa miaka ishirini na miwili, aliketi mwisho wa benchi, uso ameuelekeza getini. Mashavuni bado alikuwa na liwa ya thanaka aliyojipaka asubuhi ya Alhamisi ile. Maziwa yake yalikuwa bado yanashuka kwa saa zake, saa nne, saa nane, saa kumi na moja, na blauzi yake ilikuwa na madoa mawili yasiyokauka. Nje ya geti, chini ya mwavuli wa karatasi ya mafuta, alisimama mama yake, Daw Hnin, na mtoto wa miezi minane mgongoni.

Kila mama wa nchi ile anajua kwamba roho ya mtoto ni kipepeo. Mama wa mtoto anyonyaye akifa, kipepeo hutaka kumfuata. Kwa hiyo wazee huweka kioo na pamba kando ya maiti, wakambembeleza kipepeo arudi, naye hurudi, kwa kuwa mama hayupo tena wa kumfuata. Lakini mama huyu alikuwapo. Alikuwa barazani kwa Gavana, hatua mia mbili kutoka getini. Basi kila jioni kipepeo wa manjano alivuka bustani akatua gotini kwa Ma Ohn Sein, naye Ma Ohn Sein akampeperusha kwa upindo wa nguo, polepole, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka akaondoka. Na kila jioni umanjano wake ulipungua. Mtoto alikuwa amekataa maziwa ya mbuzi, amekataa uji wa mchele, amemkataa hata jirani aliyejitolea kumnyonyesha.

"Usije," Ma Ohn Sein alimwambia kipepeo. "Mama hana kitu. Nenda kwa bibi, mwanangu."

Gavana aliyasikia hayo, kwa sababu siku hizo alikuwa akitoka kunywa chai mapema, saa kumi na nusu, na mara nyingine saa kumi. Mwanzo aliketi upande wake na gazeti. Kisha gazeti likabaki ndani. Alijifunza majina yao yote na kazi zao. Alijifunza kwamba Ko Ba Hlaing alikuwa na mchumba aliyempenda mwingine, na kwamba wote walilijua hilo isipokuwa Ko Ba Hlaing, aliyeambiwa baada ya kufa, maana sasa haliwezi kumwua. Barua ya mkewe ilipofika aliisoma kwa U Kyaw Dun, akiitafsiri papo hapo.

"Mfereji wa paa bado unavuja?" mzee akauliza.

"Bado."

"Na mbwa?"

"Haoni vizuri sasa."

"Na wewe anakuulizia wapi?"

Gavana aliigeuza karatasi. "Hapa. Anasema anatumaini joto si kali."

"Ni kali," U Kyaw Dun akasema. "Mwandikie. Mwambie ni kali sana."

Kwa miaka mitatu hakuna mtu aliyekuwa amemwambia Gavana la kufanya bila kuinama kwanza. Jioni ile alikula vizuri.

Jumanne moja kipepeo alikuja akiwa mweupe kabisa, akivuka bustani kwa kuzama na kuinuka, na Ma Ohn Sein alipompeperusha hakwenda. Alimpeperusha tena. Akamfunika kwa viganja, akainuka, akamtazama Gavana kwa mara ya kwanza tangu aje. Gavana akachukua kofia yake akateremka ngazi, akatembea kwa miguu mpaka getini, jambo ambalo mlinzi hakuwa na amri ya kulishughulikia.

Daw Hnin hakuinama. Alikuwa amechoka, na mtoto alikuwa mzito ingawa amekonda. Mtoto mgonjwa huwa mzito, aliyewahi kumbeba anajua.

"Wewe ndiye mwenye kalamu?" akauliza.

"Ndiye mimi, mama."

"Una mtoto?"

"Binti. Ana miaka kumi na minne."

"Anakula?"

"Nadhani anakula."

"Unadhani." Daw Hnin alimpandisha mtoto mgongoni. "Huyu mimi sidhani. Huyu nahesabu vijiko. Jana viwili, akatapika kimoja. Wewe baba, umeandika kwamba mwanangu alikanyagwa. Nimemwosha mimi kwa mikono hii. Tundu liliingia mgongoni likatokea hapa. Kukanyagwa gani kunakotoboa?"

Gavana alimtazama mtoto. Macho yake yalikuwa wazi, yanatazama baraza.

"Ningoje hapa," akasema.

"Nimekungoja siku kumi na saba," akajibu Daw Hnin. "Nitaweza na dakika tano."

Aliandika mwenyewe, kwa mkono wake, juu ya meza ya chai, bila kumwita karani. Jina, Ma Ohn Sein. Kazi, mshona vitabu. Sababu ya kufa: risasi ya askari, iliyompata mgongoni, kwa amri niliyoitia sahihi mimi. Ameruhusiwa kuondoka. Aliisoma kwa sauti, na kwa mara ya kwanza lugha ile haikutoka mdomoni mwake kama tangazo. Ma Ohn Sein aliipokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, kama apokeavyo mtu mwenye adabu kitu kutoka kwa mkubwa. Hakushukuru. Alikwenda mpaka getini, akainama juu ya mgongo wa mama yake, akafungua viganja mbele ya mdomo wa mtoto. Mtoto akapiga miayo, kipepeo akaingia. Ma Ohn Sein akasimama kidogo, kama mama anayesikiliza kama mtoto kalala kweli, kisha akashika njia ya mtoni bila kugeuka. Madoa ya blauzi yake yalikuwa yamekauka.

Jioni hiyo mtoto alikula vijiko tisa vya uji. Bibi yake alivihesabu.

Bwana Lyle alikuta nakala ya barua kwenye faili asubuhi yake. Gavana alikuwa amejiandaa kwa mabishano, amevaa hata koti.

"Barua hii imekwenda wapi?" Bwana Lyle akauliza.

"Imevuka mto. Mwenyewe kaichukua."

"Basi haina shida, Mheshimiwa. Kule hakuna mbunge." Alilifunga faili. "Nakala nitaiweka mahali ambapo haitasumbua. Ukitaka, waandikie wote. Tangazo letu linabaki kama lilivyo."

Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba kusema kweli, mradi iwe kwa waliokufa, hakukatazwi na sheria yoyote ya nchi ile.

Walibaki kumi. Gavana aliwaambia mkono wake umechoka, ataandika kesho. Kesho yake akasema wino ni mwepesi. Siku iliyofuata akawaletea dhumna, na mchezo ukaenda mpaka taa zikawashwa. Ko Ba Hlaing alishinda mara sita, akamwita Gavana mtu wa kubahatisha, na Gavana akacheka mpaka Ko Hpo Thit akatoka jikoni kuangalia kuna nini. Siku ya tano U Kyaw Dun hakushika kete.

"Bwana Mkubwa," akasema, "mkono wako mzima."

Gavana alizipanga kete zake kwa usawa.

"Chai yako tamu, hatukatai. Lakini na sisi tuna watu wanatungoja kule. Mke wangu ana miaka sita kule, na hana subira, hajawahi kuwa nayo. Nikifika atauliza nilikuwa wapi. Nimwambie nilikuwa nacheza dhumna na aliyeniua?"

"Kaeni mpaka Jumapili," Gavana akasema.

"Jumapili kuna nini?"

Hakikuwapo kitu. Gavana akaomba karatasi. Aliandika zote kumi kwa kikao kimoja, sababu ni ile ile, matundu tu ndiyo tofauti. Ko Ba Hlaing alimwambia kwaheri mtu wa kubahatisha. U Kyaw Dun alirudi kutoka ngazini akamshauri amwandikie mkewe, na barua isiwe ya mfereji. Kisha wakaenda.

Jioni ya kwanza baada ya hapo, Ko Hpo Thit alileta sinia moja. Mvua ilinyesha. Gavana alisoma gazeti lote, mpaka bei ya mchele na majina ya meli. Jioni ya pili alimwuliza Ko Hpo Thit kama anajua dhumna. Ko Hpo Thit alisema anajua, Mheshimiwa, akaketi ukingoni mwa kiti, na kila zamu yake akahakikisha ameshindwa. Jioni ya tatu ilikuja barua ya mkewe. Ilisema binti amepata nafasi katika shule nzuri, kwa hiyo wao wameamua hawatarudi, ni afadhali hivyo kwa wote, na kwamba mfereji hatimaye umezibwa. Gavana aliisoma kwa sauti mpaka mwisho. Aliposhusha karatasi, benchi lilikuwa limejaa maji ya mvua.

Ijumaa asubuhi Bwana Lyle alileta amri ya kutiwa sahihi. Madereva wa tramu walikuwa wamepanga kuandamana Jumatano. Amri ilikuwa ile ile ya mwezi uliopita, neno kwa neno. Karani alikuwa amefuta tarehe kwa kisu cha wino akaandika nyingine, na karatasi ilikuwa nyembamba mahali hapo.

"Wataandamana kudai nini?" Gavana akauliza.

"Wale wa kiwanda cha chapa watambuliwe kwamba walipigwa risasi."

"Walipigwa risasi."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Hapa chini, palipo na alama."

U San Nyein alikuwa amesimama mlangoni na faili zake. Alivua miwani, jambo asilolifanya mbele ya wakubwa, akazipangusa kwa muda mrefu. "Mheshimiwa," akasema, "mdogo wangu anaendesha tramu."

"Mwambie akae nyumbani."

"Nimemwambia. Amesema nikuambie wewe."

Gavana alishika kalamu. Palikuwa na nafasi ya kutosha kando ya alama kuandika neno hapana, hata mara mbili. Amri ilikuja na sababu nne zilizopigwa taipu, zote za kiserikali, na baadaye, ilipobidi kueleza, ni hizo nne zilizoelezwa. Ya tano hakuna aliyeitaja. Alitia sahihi. U San Nyein aliikausha kwa karatasi ya wino, kwa sababu ndiyo kazi yake, akaichukua.

Jumatano, saa nane mchana, sauti ilisikika kutoka upande wa bohari ya tramu, kama watu wanaokung'uta mikeka. Iliendelea kwa muda wa kumenya chungwa. Alhamisi U San Nyein hakuja kazini, wala Ijumaa.

Jumamosi Gavana aliteremka barazani tangu saa tisa. Alikuwa amenyoa mara ya pili. Mvua ilikuwa imekatika na ile miti ya padauki kando ya njia ilikuwa imetoa maua yake yote kwa mpigo, kama kawaida yake, maua ya siku moja. Mlinzi alifungua geti bila kutazama orodha. Walikuwa kumi na wanne, wenye kofia za kazi, wakitembea wawili wawili. Wa mbele alikuwa mtu wa makamo mwenye kikoba cha tiketi kilichotoboka ubavuni, na pua ile ile ya U San Nyein.

Alipanda ngazi, akavua kofia.

"Samahani, mzee," akasema. "Tumeambiwa hapa ndipo barua zinapoandikwa."

"Jina lako nani?"

"Ko San Lwin."

Gavana alimtazama yeye, akawatazama wale kumi na watatu nyuma yake, mmoja mmoja, bila haraka.

"Ofisi imefungwa kwa leo, Ko San Lwin," akasema. "Njooni kesho." Kisha akasogea, akampisha akae.